Nyumba ya Kazi: Malezi ya Mtoto wa Askari Tanzania

Historia ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa kifupi JWTZ, imeandikwa zaidi kwa kufuata makamanda, mapigano na maamuzi ya wanasiasa, na msomaji anayetaka kujua jinsi koplo alivyowalea wanawe, au binti wa sajini alibadili shule mara ngapi kabla ya kumaliza darasa la saba, hupekua kurasa nyingi bila kupata jibu. Pengo hilo si dogo, kwa sababu tangu jeshi hilo liundwe tarehe 1 Septemba 1964, maelfu ya watoto wamezaliwa na kukulia ndani ya uzio wake, katika makazi yanayoitwa kota, yaani nyumba zinazotolewa na mwajiri kwa muda wa utumishi tu. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa watoto hao, na alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati wa vita vya Kagera. Kumbukumbu zinazotumika hapa ni zake, pamoja na za ndugu na majirani waliokua naye. Hoja inayotetewa ni kwamba mtoto wa kambini alipewa nchi nzima kuwa kwao kabla hajapewa kijiji, na kwamba zawadi hiyo, iliyokuwa ya kweli na ya thamani, ililipiwa na watoto wenyewe kwa gharama ambayo hakuna aliyekaa chini kuihesabu.

Desturi ya askari kuishi na familia zao haikuanza na JWTZ. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1889 kwa kuajiri, pamoja na wengine, askari wa Kisudani waliochukuliwa Misri, liliwaruhusu askari kuwa na wake na watoto, na kando ya boma, yaani ngome ya utawala, kulichipuka makazi ya askari ambamo wanawake walilima, walipika na kufanya biashara. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, nyingi ya familia hizo hazikubaki nyuma, bali ziliandamana na msafara wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kuvuka Mto Ruvuma mwishoni mwa mwaka 1917, kupita Msumbiji na kurudi, hadi jeshi hilo liliposalimu amri mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Watoto walizaliwa njiani. Simulizi za vita hiyo husifu sana uvumilivu wa askari aliyetembea miaka minne kwa miguu, lakini mtoto aliyebebwa mgongoni kwa njia ile ile hatajwi ila kwa nadra, ingawa njaa na homa hazikumbagua.

Upande wa Waingereza, kikosi cha King's African Rifles, ambacho wenyeji walikiita Keya, kiliundwa mwaka 1902, nacho kikarithi askari wengi wa asili ya Sudani ambao leo wazao wao hujulikana kama Wanubi. Baadhi yao walipewa ruhusa ya kukaa katika msitu uliokuwa kando ya Nairobi, mahali ambapo leo ni Kibera, na mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 likatangazwa rasmi kuwa la jeshi. Waliruhusiwa kukaa, si kumiliki. Askari mzee alipofariki, mwanawe aliyezaliwa pale, aliyezika wazazi wake pale na asiye na kijiji kingine duniani, alihesabiwa na sheria kuwa mtu anayekaa kwa hisani tu, na ubishi huo ukapita kutoka utawala wa kikoloni hadi serikali huru bila kupata ufumbuzi, mpaka mwaka 2017 ambapo serikali ya Kenya iliwakabidhi Wanubi hati ya ekari 288. Kisa cha Kibera kinastahili kuwekwa mwanzoni mwa mjadala wowote kuhusu watoto wa askari, kwa sababu kinaonyesha wazi kuliko kingine chochote kwamba anayempa baba makazi kwa ajili ya bunduki yake huwa hajafikiria mtoto atalala wapi bunduki ikirudishwa ghalani.

Tanganyika huru ilirithi vikosi viwili vya Keya vilivyobadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles, na vikosi hivyo viliasi Januari 1964, uasi ukianzia tarehe 20 katika kambi ya Colito nje kidogo ya Dar es Salaam, kwa madai ya mishahara na ya maafisa Waafrika kushika nafasi za Waingereza. Jeshi likavunjwa, na lile jipya likajengwa juu ya fikra tofauti: askari awe raia mwenye silaha, mwanachama wa chama, aliyetoka kila pembe ya nchi na asiyekuwa mtumishi wa kabila lolote. Hata jina la kambi lilibadilishwa likawa Lugalo, kukumbuka mahali karibu na Iringa ambapo Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Fikra hiyo ilihubiriwa kwa askari katika mafunzo na mikutano, lakini walioipokea kikamilifu zaidi, pengine bila yeyote kukusudia, walikuwa watoto wao.

Kambi ilikuwa na mipaka iliyoeleweka hata kwa mtoto wa miaka minne. Palikuwa na geti lenye polisi jeshi, uwanja wa gwaride ambao mtoto hakuthubutu kuukatiza, ghala la silaha ambalo hakulisogelea, na zaidi ya uzio kulikuwa na uraiani, yaani maisha ya watu wasio wanajeshi, ambako mama alikwenda sokoni na ambako watoto walitazama kwa udadisi uliochanganyika na kiburi kidogo. Siku ilianza kwa tarumbeta na kwa mchakamchaka, yaani mbio za alfajiri zinazoendeshwa kwa nyimbo na vishindo vya buti, na watoto wengi wa kambini walijua kuhesabu hatua za kwata kabla ya kujua kuhesabu darasani. Jioni, kazi ya mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi ilikuwa kung'arisha buti za baba: alianza kwa kuondoa vumbi kwa brashi, akapaka dawa ya viatu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha akasugua kwa mizunguko midogo midogo kwenye ncha hadi uso wake uonekane, na baba alipozichukua alizigeuza kwanza kutazama kisigino, kwa kuwa mkaguzi wa gwaride naye hutazama kisigino. Hakusifu. Buti zilizokubaliwa ziliwekwa mlangoni bila neno, na zile zilizokataliwa zilirudishwa mbele ya mtoto vilevile bila neno, na hivyo mtoto akajifunza kusoma ukimya wa baba kama wengine wanavyojifunza kusoma herufi.

Malezi ya namna hiyo yamelaumiwa kuwa ni ya ukali, na lawama hiyo ina sehemu ya ukweli. Hata hivyo, picha ya nyumba inayoendeshwa kwa amri peke yake si sahihi, kwa sababu baba wa kambini alikuwa mtu wa kutokuwepo kuliko mtu wa kuamrisha: alikuwa lindoni, yaani kwenye zamu ya ulinzi, au mafunzoni porini, au kozini Monduli kwenye chuo cha maafisa, na aliyeishikilia nyumba ni mama. Wanawake wa kambini walijenga utaratibu wao wenyewe ambao haukuandikwa katika kanuni zozote. Mama alijulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, askari wenzake baba walimwita shemeji, na watoto wa jirani waliadhibiwa na kulishwa naye bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwanamke aliyejifungua mumewe akiwa safarini alikuta maji yamechotwa na uji umepikwa na wanawake ambao mwaka uliotangulia hakuwafahamu, nao walifanya hivyo wakijua kwamba mwaka ujao huenda watakuwa Songea, Tabora au Ngerengere wakiwategemea wengine.

Lugha ya maisha hayo ilikuwa Kiswahili, na si kwa kuchagua tu bali kwa lazima. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya mazungumzo ya askari tangu enzi za Keya, na katika kota iliyokuwa na Mkurya upande mmoja, Mmakonde upande wa pili na Mhaya nyuma yake, hapakuwa na lugha nyingine ambayo watoto wangechezea. Wazazi wa makabila tofauti waliooana kambini waliwalea watoto kwa Kiswahili peke yake, na hata wazazi wa kabila moja walikuta watoto wanawajibu kwa Kiswahili walipoulizwa kwa lugha ya nyumbani. Shule nazo zilisaidia, kwa kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 masomo yote ya shule za msingi yalifundishwa kwa Kiswahili kwa mtaala mmoja nchi nzima, hivyo mtoto aliyehamishwa kutoka Mwanza kwenda Nachingwea katikati ya muhula alikuta kitabu kile kile kikifundishwa kwa lugha ile ile. Watafiti wa umoja wa Tanzania hutaja Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, Jeshi la Kujenga Taifa na shule za bweni. Kambi za jeshi zinastahili kuongezwa katika orodha hiyo, kwani humo umoja haukuhubiriwa kwa mtoto, bali alizaliwa ndani yake na akashangaa, alipokuwa mkubwa, kuambiwa kwamba ni jambo lililopaswa kujengwa.

Usawa, kwa upande mwingine, haukuwa kamili. Nyumba za maafisa zilikuwa upande wake, zenye bustani na mabomba ya ndani, na kota za askari wa vyeo vya chini zilikuwa upande wake, zenye bomba moja la nje kwa safu nzima, na mtoto alijua cheo cha baba wa kila mwenzake kama anavyojua jina lake. Siasa ya wakati ule ilimwambia darasani kwamba binadamu wote ni sawa, nayo bega la baba, lenye au lisilo na nyota, likamwambia jambo jingine alipokuwa njiani kurudi nyumbani. Watoto walicheza pamoja, na urafiki mwingi wa kweli ulivuka mstari huo, lakini mtoto wa koplo aliyepigana na mtoto wa kapteni alitambua mapema kwamba kosa lake lingeweza kumfikia baba ofisini, na utambuzi wa aina hiyo hudumu.

Uhamisho, yaani kupangiwa kituo kipya, ndio uliokuwa mhimili wa utoto huo. Amri ilikuja kwa maandishi mafupi, na ndani ya wiki chache familia ilipaswa kuwa imefunga mizigo. Karibu kila kota ilikuwa na tranka, yaani sanduku la bati lenye kufuli, lililopigwa rangi ya kijani na kuandikwa kwa rangi nyeupe jina la baba na namba yake ya jeshi, na katika nyumba nyingi tranka moja halikufunguliwa lote tangu uhamisho uliotangulia. Ndani yake vilikaa vikombe na bilauri za wageni, kila kimoja kimeviringishwa katika karatasi ya gazeti la Uhuru au Mzalendo, na mtoto aliyekuwa amejua kusoma aliweza, wakati wa kufungua, kusoma habari za miaka iliyopita kwenye karatasi zilizokunjamana na kutambua kwa tarehe ni katika kituo gani vikombe vile vilifungwa. Mama alizihifadhi karatasi zile kwa uangalifu uleule aliohifadhia vikombe, kwa sababu alijua zitahitajika tena.

Athari za kuhamahama kwa mtoto hazikuwa za aina moja, na mwandishi anaona ni kosa kuzielezea kama hasara tupu. Mtoto wa kambini aliweza kuingia darasa la watu asiowajua asubuhi na kuwa na marafiki jioni. Alijua jinsi ya kuketi kimya siku ya kwanza, kutambua nani anaogopwa na nani anapendwa, na kuiga lafudhi ya mahali kabla ya wiki kuisha. Ustadi huo umewafaa wengi katika biashara, ualimu na utumishi wa umma. Lakini watu wazima waliokua hivyo, wanapozungumza wao kwa wao, hutaja jambo jingine ambalo ndugu zao wa vijijini hawalifahamu, nalo ni tabia ya kuanza kuaga moyoni mapema, yaani kupunguza mapenzi kwa rafiki kabla ya amri ya uhamisho kutoka, ili siku ya lori iwe nyepesi. Mtoto wa miaka 9 aliyejifunza kufanya hivyo huwa hajafundishwa na mtu yeyote jinsi ya kuacha kufanya hivyo akifika miaka 40, na wake na waume wa watu hao ndio wanaojua zaidi.

Vita vya Kagera vilibadili maana ya kila kitu kilichotajwa hapo juu. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, yakateka eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, na tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi vyote vipo. Wananchi walichanga ng'ombe, nafaka na fedha; malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kusafirisha askari; mgambo, yaani wananchi waliopata mafunzo ya msingi ya kijeshi, waliitwa kwa makumi ya maelfu. Kwa wengi vita vilikuwa sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Kambini vilikuwa vitanda vilivyokuwa vitupu.

Wanaume waliondoka usiku. Katika kota moja inayokumbukwa na mwandishi, baba alikuwa amemaliza kufunga begi lake mapema, kisha akamketisha mama mezani na kumwonyesha kitabu cha benki, karatasi za ndoa na za kuzaliwa kwa watoto, na orodha fupi ya watu wanaowadai na wanaodaiwa, akazifunga zote katika mfuko wa nailoni na kuziweka chini kabisa ya tranka. Baada ya hapo alimwita mwanawe wa kwanza na kumwonyesha namna ya kubadili betri za redio, akimfanya arudie mwenyewe hadi azipange bila kukosea upande wa chanya na hasi. Hakusema anakwenda wapi. Mtoto aliyafahamu maelezo ya betri na hakuyafahamu ya karatasi, na ilimchukua miaka mingi kutambua kwamba yote mawili yalikuwa maagizo ya aina moja.

Kwa miezi iliyofuata kambi iliendeshwa na wanawake, wazee wa akiba na watoto. Barua zilifika zikiwa zimepitia anwani ya jeshi, bila kutaja mahali zilipoandikiwa, na zilikuwa na maneno machache ya salamu, maulizo kuhusu shule na agizo la kumtii mama. Watoto walizisoma kwa sauti kwa wale mama ambao elimu ya watu wazima ilikuwa haijawafikisha mbali, na wakajifunza kuruka sentensi walizohisi zitaliza. Saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, familia mbili au tatu zilikusanyika penye redio yenye betri nzuri, na majina ya mahali, Mutukula, Masaka, Entebbe, yakaingia katika michezo ya watoto, ambao walijenga mistari ya mapambano kwa mchanga na kugombana nani alazimishwe kuwa upande wa Amin. Shuleni, mtoto wa askari aliheshimiwa kuliko alivyowahi kuheshimiwa, na walimu walimtaja mbele ya darasa. Heshima ile ilikuwa ya dhati. Wakati huohuo ilimfunga mdomo, kwa sababu mtoto aliyesifiwa kuwa ni wa shujaa hakuweza tena kusema kwamba anaogopa.

Kilichoogopwa zaidi kilikuwa gari la ofisi ya kikosi kuingia upande wa makazi mchana. Likionekana, kina mama walitoka milangoni na kusimama, kila mmoja akitazama litageukia safu ipi, na lilipogeukia safu ya mwenzao walimfuata mara moja, wakiwa na nafuu ambayo hakuna aliyediriki kuitamka na ambayo watoto waliiona waziwazi katika nyuso za mama zao. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya askari 373 wa Tanzania waliouawa katika vita hivyo. Kwa vita vilivyoiangusha serikali na kufika hadi mpaka wa Sudan idadi hiyo huonekana ndogo vitabuni, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyefuatilia kwa karibu ni watoto wangapi walioachwa, waliishia kwa nani, na wangapi kati yao walimaliza shule.

Haki inataka upande wa pili nao utajwe. Askari wa Uganda waliokuwa Mbarara, Masaka na Jinja walikuwa na kota zao, tarumbeta zao na watoto wao, nao wengi walizungumza Kiswahili kile kile kilichorithiwa Keya. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, na vita vilipomalizika Juni 3, familia nyingi za askari hao kutoka West Nile zilikimbilia Sudan na Zaire pamoja na raia waliohofia kisasi. Makosa ya utawala wa Amin ni makubwa na yaliwagharimu Waganda na wakazi wa Kagera maisha ya watu wengi mno. Lakini mtoto aliyeondolewa kota ya Jinja akiwa na miaka 7 hakuwa na sehemu katika makosa hayo, na Kiswahili, ambacho kwa mwenzake wa Lugalo kilikuwa alama ya umoja, kwake kiligeuka kuwa alama ya kutambulika kuwa ni mwana wa adui.

Si wote waliorudi mara moja. Sehemu ya majeshi ya Tanzania ilibaki Uganda hadi mwaka 1981, na katika miaka ya 1980 vikosi vingine vilipelekwa Msumbiji kuisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya RENAMO, hivyo kuna watoto waliomwona baba kwa vipindi vifupi kwa karibu miaka kumi. Waliorudi walipokelewa kwa ngoma na nishani. Siku za baadaye hazikuwa na ngoma. Wapo akina baba waliorudi wapole kuliko walivyoondoka, na wapo walioshindwa kulala kitandani, wakatandika mkeka kando ya mlango. Wapo walioacha kula nyama, na wapo waliokasirishwa na kishindo cha mlango kuliko kosa lolote la mtoto. Hospitali za wakati ule zilitibu majeraha yanayoonekana, na lile ambalo leo wataalamu huliita msongo wa mawazo baada ya kiwewe, yaani hali ya mwili na akili kuendelea kuishi katika hatari iliyokwisha kupita, halikuwa na jina kambini. Mama aliwaambia watoto kwamba baba amechoka, nao wakaelewa kuwa jambo hilo haliulizwi. Uelewa huo ulikuwa wa upendo, ila uliwafanya watoto wa miaka 10 kuwa walinzi wa usingizi wa mtu mzima, kazi ambayo hakuna jeshi duniani lililowahi kuilipa.

Pigo la mwisho kwa kawaida lilikuja kwa amani kabisa, nalo ni kustaafu. Muda wa utumishi ulipokwisha, au baba alipofariki akiwa kazini, kota ilipaswa kuachwa kwa ajili ya askari mwingine, na kwa kuwa nyumba, shule, zahanati, uwanja wa mpira na majirani vyote vilikuwa ndani ya uzio mmoja, familia ilivipoteza vyote kwa siku moja. Walielekea kijijini kwa baba, mahali ambapo watoto walikuwa wamepaona likizo mbili tatu tu, wakakuta bibi anayewasemesha lugha wasiyoijua na binamu wanaowacheka. Mtoto aliyejulikana kambini kwa asili ya wazazi wake, Mkurya au Mngoni, alifika kwa Wakurya au Wangoni akaambiwa ni Mswahili. Kuna walioulizwa msibani wimbo wa ukoo wakanyamaza, na kuna waliokatwa katika mgao wa shamba kwa hoja kwamba hawakulima pale. Nchi yote ilikuwa kwao, lakini shamba hugawiwa kijijini, na mwenye kijiji hugawa kwa anaowajua.

Mazingira ya leo yamebadilika kwa sehemu. Shule zinazoendeshwa na jeshi, kama Makongo na Jitegemee za Dar es Salaam, zimewaweka watoto wa kambini na wa uraiani katika dawati moja, na askari wengi hujenga nyumba zao mapema ili kustaafu kusiwakute mikono mitupu. Vita navyo vimekuwa vya mbali zaidi, katika ulinzi wa amani chini ya Umoja wa Mataifa huko Darfur, Kongo na Afrika ya Kati, na umbali huo hauwalindi watoto kama inavyodhaniwa. Wanajeshi 14 wa Tanzania walipouawa katika shambulio la Semuliki, mashariki ya Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, haikuwa enzi ya barua tena, na habari za vifo husambaa kwa simu kabla ya ofisi yoyote kupata muda wa kutuma gari kwenye kota. Kina mama wa 1978 walikuwa na dakika chache za kulitazama gari likigeuka; mtoto wa sasa anaweza kuona picha akiwa peke yake kitandani, usiku, bila jirani wa kumshika mkono. Kikosi kinachopeleka askari nje kingefaa kupanga, kabla ya safari na si baada ya msiba, ni nani atakayekaa na familia zipi, kazi ambayo wanawake wa kota waliifanya kwa hiari yao na ambayo haiwezekani tena kuachiwa hiari, kwa sababu wengi wa familia hizo sasa wamepanga mitaani na hawajuani.

Watoto wa 1978 sasa ni watu wa miaka 50 na 60. Wengi wao waliingia jeshini wenyewe, baadhi kwa uzalendo na baadhi kwa kuwa geti la kambi ndilo pekee walilojua namna ya kulipita, na wao pia wamekwisha kustaafu au wanakaribia. Barua zisizotaja mahali bado zimo ndani ya matranka, pamoja na picha za gwaride na karatasi za uhamisho, na mama zao wanaozikumbuka wanaendelea kufariki. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina uzoefu wa kutunza karatasi za serikali. Za kota ziko kwenye nyumba za watu, hazina siri yoyote ya kijeshi baada ya miaka yote hiyo, na wenye nazo wangezitoa kwa furaha iwapo mtu angewaendea na kuziomba, akakaa nao mchana mzima, akaandika pia yale ambayo barua hazikuyasema.